Kwa Kitindamimba Anayekwenda Kuchemsha Maji

Machame, Jumatano usiku

Mwanangu Elifuraha,

Sijui nianze na salamu za nini, na wewe umelala upande wa pili wa ukuta huu, nakusikia unavyojigeuza kitandani. Nawe hujalala. Ningeweza kugonga ukuta ukaniitikia. Lakini mimi na wewe tukikaa tunaongea habari za ng'ombe, na ninalotaka kukwambia si la ng'ombe, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Mambo ya sweta nzito na ya kutunza pasi ya kusafiria sitayagusa. Dada yako Nsia ameyasema tangu jana mpaka mtu unatamani kuziba masikio. Wala sitakwambia usali. Unajua kusali, mama yako alikufundisha akiwa hai, na mimi nilikusikia ukisali naye. Ninalotaka ni kukujibu. Jumapili jioni uliniuliza kitu bandani, na mpaka leo sijakujibu.

Unakumbuka ilivyoanza. Tulitoka ibadani, na kama kawaida wakaanza mnada wa mazao yaliyoletwa sadaka. Mzee wa kanisa akanyanyua jogoo, akasema huyu amelelewa kwa maombi na pumba, nani anampenda? Baba yako mkubwa Ndelilio alikuwa amesimama karibu nami, ananunua mkungu wa ndizi mshare. Akaniuliza kwa sauti ile yake inayofika mpaka kwa kwaya:

"Aminieli, ni kweli unamruhusu kitindamimba aende ng'ambo kusomea bomu?"

Nikamwambia, "Si bomu, kaka. Ni umeme."

"Umeme si upo? Nguzo zimefika mpaka kwa mchungaji."

"Kwa mchungaji zimefika. Kwangu hazijafika."

"Basi asomee nguzo!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kaka yangu anajua kuchekesha, Mungu amempa. Lakini tulipokuwa tunapanda njia ya nyumbani, yeye na mkungu wake begani, hakucheka tena. Aliniambia, "Sisi wakubwa tulipewa sehemu zetu tukatoka. Wewe mdogo ulibaki na nyumba ya baba, ndiyo desturi. Sasa nyumba hiyo atalala nani? Makaburi atafyeka nani? Siku ukianguka usiku, nani atafungua mlango?" Nawe ulikuwa nyuma yetu hatua chache, nadhani ulisikia yote.

Ndiyo maana jioni ulinifuata bandani nikikamua. Ulisimama mlangoni, ukaegemea boriti, ukasema, "Baba, ukisema nibaki, nabaki. Nafasi ile atachukua mwingine. Niambie tu." Na mimi nikakujibu, "Ng'ombe huyu hapendi maneno akikamuliwa." Ukasubiri kidogo, ukaondoka. Maziwa yalishakwisha muda mrefu, Elifuraha. Nilikuwa nakamua tu ili nisigeuke.

Sasa nitakujibu, lakini niache nizunguke kidogo, mimi si mtu wa njia za mkato.

Mwaka ule tulipochimba shimo la gesi ya samadi ulikuwa hujaanza shule. Bwana mifugo alikuja, akatuonyesha jinsi samadi ikichanganywa na maji na kufunikwa vizuri inavyotoa hewa inayowaka. Nilichimba na vijana wa jirani, fundi akajenga kwa matofali, tukatandika bomba mpaka jikoni. Siku ya kwanza kuwasha, nyumba ilijaa watu kama msibani. Mama yako akawasha kiberiti, moto ukatoka wa buluu, umetulia, hauna moshi hata kidogo. Ukanivuta suruali ukauliza, "Baba, kuni ziko wapi?" Nikakwambia hakuna kuni. Ukauliza, "Sasa kinachoungua ni nini?" Kwa wiki nzima ulikuwa unalala kifudifudi jikoni unaangalia ule moto chini ya sufuria, mpaka mama yako anakuvuta miguu. Mimi nadhani safari yako ya kesho ilianzia pale sakafuni.

Bibi yako aligoma. Alisema, "Mimi sili chakula kilichopikwa kwa mavi." Mama yako, alivyokuwa na mdomo, akamjibu kwa adabu kabisa, "Mama, na ndizi unazokula zimelelewa na nini?" Bibi akala mtori, akaomba kijiko kingine. Tukaona tumeshinda. Tukang'oa mafiga, tukafagia majivu, mimi nikapaka kuta chokaa. Jiko likawa jeupe kama la misheni.

Na hapo ndipo tulipokosea, mwanangu, na ni kosa la watu wa huku kwetu tu. Mahindi yetu na maharage ya mbegu tunayaweka darini, juu ya moto. Tangu babu wa babu ni hivyo. Hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini. Ndipo mahali pake, basi. Mavuno ya mwaka ule tukayapandisha darini kama kawaida, huku chini jiko letu safi linawaka buluu. Baada ya muda mama yako akapanda kuteremsha mahindi ya kupeleka mashineni. Akaniita kwa sauti ndogo. Nilipopanda nilikuta unga. Dumuzi walikuwa wamekula kila gunzi, ukilishika linatoa vumbi. Mbegu za maharage zilikuwa na matundu kama chujio. Moshi ule tuliouchukia, uliokuwa unamkoholesha mama yako na kuyatoa machozi macho ya bibi, ndio uliokuwa unalinda chakula chetu. Ulikuwa unafanya kazi kila siku na hakuna mtu aliyewahi kuushukuru.

Nilikasirika nikataka kung'oa bomba. Nilitukana ile gesi, nikamtukana na bwana mifugo ingawa hakuwepo. Mama yako akakaa kwenye ngazi ya dari, mahindi mabovu mapajani, akasema, "Baba Nsia, gesi haijakosa. Ilisema itapika, imepika. Sisi ndio hatukuuliza moshi ulikuwa na kazi gani." Kisha akarudisha mafiga matatu kwenye kona. Chakula akaendelea kupika kwa gesi, na siku mbili tatu kwa wiki anawasha kuni kidogo chini ya dari na kufunga mlango, moshi uende ukafanye kazi yake. Tukaishi hivyo miaka mingi, vizuri kabisa, mpaka alipofariki na mimi nikabaki na ng'ombe mmoja ambaye samadi yake haitoshi kuchemsha hata chai.

Nakueleza hili kwa sababu huko uendako utafundishwa mambo makubwa. Nilikuuliza siku ile unieleze kinu cha nyuklia kinafanya nini, ukaniambia, "Baba, kwa kweli ni kuchemsha maji tu. Maji yakichemka mvuke unazungusha mtambo." Nikasema, kuchemsha maji ndiko utakakokaa miaka sita? Mama yako alichemsha maji maisha yake yote hakupewa hata cheti. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Lakini baadaye ukanieleza kwa utaratibu, habari ya madini yenye moto ndani yake, na mionzi, na mabaki ambayo yanabidi yalindwe muda mrefu kuliko umri wa mtu. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba ni moto mwingine usio na kuni, na kwamba unaupenda. Basi siku wakikuita kuamua watu wa mahali fulani waache hiki na washike kile, nenda kwanza jikoni kwa mtu ukaulize kile cha zamani kilikuwa kinafanya nini cha ziada. Hata wao wanaweza wasijue, sisi hatukujua. Lakini uliza.

Lile neno mionzi linanitisha, sitakuficha. Kila asubuhi nakuombea, na sijui kulitaja vizuri mbele za Mungu, kwa hiyo nasema tu, Bwana, kile kitu anachokwenda kusomea Elifuraha, wewe uliyekiumba unazijua tabia zake. Nadhani ananielewa.

Sasa nije kwenye lile nililolizunguka.

Unajua kwamba mimi pia ni kitindamimba. Usilolijua ni kwamba na mimi niliitwa kuondoka. Nilipomaliza darasa la saba nilikuwa nasaidia kwenye karakana ya useremala ya misheni, na mzungu aliyeisimamia aliniona napenda kuchezea nyaya. Akanitafutia nafasi ya kusomea ufundi umeme Tanga. Nikaja mbio na habari hiyo, napita katikati ya migomba ya watu naruka mifereji. Babu yako alikuwa anapalilia kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kitindamimba haendi Tanga," akainama akaendelea na jembe lake. Ndiyo yakawa mazungumzo yote.

Nilibaki. Sikubishana, sikutoroka kama wengine walivyofanya. Nilipalilia, nilichuma kahawa, nilioa, niliwazaa ninyi. Watu walinisifu kwamba mwana wa mzee fulani ana adabu. Nami kila jioni nilikuwa nakaa na baba yangu, tunakula kiburu cha ndizi na maharage kutoka bakuli moja, hatusemi kitu. Yeye anaangalia moto na mimi naangalia moto. Sikumnunia, usifikiri hivyo. Nilimpa kila alichotaka. Nilimnyima kimoja tu ambacho hakuna mtu angeweza kuona nimekinyima.

Alipougua mara ya mwisho, nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, kile kile unacholalia wewe. Akafungua macho akaniangalia sana, akasema, "Aminieli, nimekukumbuka sana, mwanangu."

Nikadhani homa inamsemesha. Nikamwambia, "Baba, mimi nipo hapa. Sijatoka kwenda popote."

Akasema, "Najua hujatoka."

Alifariki wiki ile ile. Mimi nimelibeba lile neno tangu wakati ule, Elifuraha, nimelibeba shambani, nimelibeba kanisani, hata mama yako sikumwambia. Mzee yule aliishi na mtoto wake nyumba moja miaka yote ile akimkumbuka kama aliye safarini. Na mimi nilikuwa mita moja kutoka kwake, namkumbuka vile vile.

Kwa hiyo upweke naujua kwa majina yake. Upo ule wa chumba kitupu upande wa pili wa ukuta, nao utaanza kesho. Sitakudanganya kwamba siuogopi. Tangu mama yako aondoke, mlango wako ukilia usiku unapokwenda nje, mimi hugeuka nikalala vizuri zaidi, kwa sababu kuna mtu. Nimeanza kufikiria chai ya asubuhi, nitachemsha na yako kwa mazoea halafu nitaitazama. Nimefikiria mpaka redio, kwamba nitakuwa naijibu. Lakini upo upweke wa pili, wa watu wawili kwenye bakuli moja, na huo sitaki kuuona tena humu ndani. Wa kwanza nitauvumilia. Wa pili ulimuua baba yangu kabla ya homa.

Umeniuliza nikwambie ubaki au uende. Nenda.

Na si kwamba nakukopesha kwa miaka sita urudi ulipe. Nimekaa nimewaza sana jambo hili. Nikikuacha uende huku kihamba, shamba hili la ukoo, kinakusubiri na nyumba inakusubiri, nitakuwa nimekufunga kamba ndefu tu, kama mbuzi. Utafika huko, utapata kazi ya maarifa yako, na kila barua ya nyumbani utaifungua ukiogopa kwamba ndiyo imekuja ya kukuita kwenye migomba. Nchi hii bado haina kinu hata kimoja cha kukupa kazi uliyosomea. Labda kitakuwepo, labda chuo kitakuita uje ufundishe, Mungu anajua. Lakini isiwe ni makaburi yaliyokuita.

Leo mchana, ulipokwenda kuwaaga walimu wako, nilikwenda kwa baba yako mkubwa. Nilimkuta anang'oa mikahawa. Unajua siku hizi, tangu wanunuzi binafsi waje na bei yao ya kupanda msimu mmoja na kuanguka misimu yote, wengi wanang'oa wanapanda nyanya. Hata yeye, aliyekuwa anakemea wengine. Sikumwambia kitu kuhusu hilo. Nikamwambia, "Kaka, nimeamua. Nyumba na kihamba nampa Nsia."

Akaweka jembe chini. "Nsia binti yako?"

"Sina Nsia mwingine."

"Mwanamke aliyekwisha kuolewa?"

"Na akaachika, na anaishi chumba kimoja Pasua, kule mjini, na watoto wawili, anauza vitunguu. Huyo huyo."

"Aminieli, utachekwa."

"Wewe si umeanza tangu Jumapili? Endelea tu."

Hakucheka. Akaniuliza kama nimesahau sisi ni watu gani. Nikamuuliza, mama yetu alipozeeka akawa hawezi kujigeuza, ni nani aliyekuwa anapanda kutoka Pasua kila Ijumaa kuja kumwosha? Akasema, "Nsia." Nikamuuliza makaburi yale yamefyekwa na nani miaka hii yote, mimi nina mgongo mbovu na Elifuraha yuko bweni? Akachukua jembe, akapiga mkahawa mmoja, akasema, "Mimi sijakubali." Nikasema, "Najua. Nimekuja kukuarifu kwa sababu wewe ni kaka yangu." Nilipofika mfereji nikamsikia anaita nyuma yangu, "Mwambie basi alete na mbegu za vitunguu, hapa nyanya zinaoza!" Kwa hiyo sijui. Kaka yangu ndivyo alivyo.

Dada yako hakuja kukuaga tu. Yale mafurushi uliyoyabeba kutoka barabarani ukamtania kwamba amehamia, kweli amehamia. Watoto watapanda Jumamosi. Nilimwomba asikwambie mpaka nimalize barua hii. Alilia kidogo, kisha akaanza kukagua dari, akasema ni chafu.

Naandika hili kwa moyo mzito, kwa sababu najua ninachokuondolea. Mwanamume wa huku asiye na kihamba anaonekana kama hana mahali pa kusimama. Watakuuliza, na utakosa la kujibu, na utaona uchungu, labda utaniona baba yako nimekunyang'anya kwa jina la kukupenda. Una haki kuona hivyo. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini niandikie ukiwa na hasira hizo hizo, usisubiri zipoe. Mimi na baba yangu tulisubiri. Siku yoyote ukirudi, uwe na mke au bila mke, uwe na cheti au bila cheti, utarudi kwa sababu umetaka kutuona. Hilo tu ndilo ninalolitaka, na nimetoa shamba zima kulipata.

Barua hii Nsia atakupa stendi ya Moshi, basi likiwa limekwisha kuwashwa. Ndivyo nilivyomwagiza. Kwa hiyo unaposoma hapa umeshajua kwamba asubuhi hukunikuta. Chumba changu kilikuwa wazi na kitanda kimetandikwa, na Nsia amekwambia nimetangulia shambani, na wewe umeondoka kama ulivyoondoka bandani. Nisamehe. Sikuuamini uso wangu. Ulisema nikikwambia ubaki utabaki, na mimi najua uso wangu ungesema hivyo hata kama mdomo umekataa.

Mungu akushike ule mkono ninaouachia. Usichungulie dirishani kunitafuta, mwanangu, sipo barabarani. Niko shamba la chini, nakata majani, na nadhani nimeshakata mengi kuliko anavyoweza kula ng'ombe mmoja.

Ni mimi baba yako,
Aminieli